Mgongo wa Mtoto na Shamba la Baba

Nianze na shauri ambalo mtu aweza kulikuta katika nyumba yo yote ya Kamango, wala si Kamango peke yake. Tuseme kuna baba mwenye watoto sita na shamba moja la kakao, njia ya kwenda mpaka wa Nobili. Binti yake wa nne ana miaka 12, naye ana kibiongo. Alipokuwa na miaka minane alilalamika mgongo, wakasema amebeba maji mno. Hakukohoa, hakuwa na kidonda. Baadaye mfupa mmoja ukachomoza katikati ya mgongo kama fundo la kamba, kisha ukazidi. Sasa miguu yaanza kulegea, ajikwaa mahali pasipo na jiwe.

Muuguzi wa kituo cha afya ametambua ugonjwa: ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Amempa dawa, na dawa hizo katika Kongo hazilipishwi. Lakini amesema pia kwamba mgongo uliokwisha kupinda haunyoshwi na vidonge. Labda apelekwe mbali akapasuliwe, pingili zilizoliwa zifungwe pamoja kwa mfupa na chuma. Gharama yake pamoja na safari ni maelfu ya dola. Shamba likiuzwa, ndugu zake watano watatoka shuleni.

Ukoo umeketi. Mjomba asema: “Shemeji, uza. Shamba ni udongo, mtoto ni mtu.” Babu asema: “Mwanangu, usiuze. Ukimnyosha mmoja, utawapinda watano.” Mama amenyamaza. Binti mwenyewe yuko jikoni, na hakuna aliyemwita.

Nani asema kweli? Mimi naona wote wawili wana neno, na ndiyo sababu shauri hili ni gumu. Wenye haraka huchukua maneno ya mjomba na kuyahubiri, kisha kulipa hawalipi wao. Lakini kwanza yafaa tujue kitu chenyewe tunachokihukumu, kwa maana watu wengi husema juu ya kupasua mgongo kama wasemavyo juu ya mwezi.

Ugonjwa huu ni wa kale sana, umeonekana hata katika mifupa ya maiti za Misri zilizohifadhiwa. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza jinsi kibiongo cha namna hii kinavyofuatana na kupooza kwa miguu, na mpaka leo waganga huuita kwa jina lake. Hakujua sababu. Kijidudu chenyewe kilipatikana mwaka 1882, na Robert Koch, Mjerumani. Kijidudu hutoka mapafuni kwa njia ya damu, hukaa katika pingili na kula sehemu yake ya mbele. Pingili ikiisha mbele na kubaki nyuma, mgongo huinama kama ukuta ulioliwa na mchwa upande mmoja. Nyuma ya pingili hupita ugwe wa uhai, wenye kupeleka amri za miguu. Ukibanwa na usaha au na mfupa, miguu husahau kutembea.

Watu walifanya nini kabla ya dawa? Wengi walilazwa. Watoto walifungwa katika vitanda vya plasta miaka na miaka, wakitazama dari. Wengine walifanyiwa mambo mabaya zaidi kwa nia njema. Mwaka 1896 huko Berck, pwani ya Ufaransa, Jean-François Calot alianza kunyosha vibiongo kwa nguvu: mtoto alilazwa usingizi wa dawa, akavutwa huku na huku, na mikono ya mganga ikasukuma nundu mpaka mgongo ukanyoka. Picha zilipendeza na Ulaya ilishangilia. Kisha wengine walikufa, wengine walipooza, na wengine walipinda tena, hata Calot mwenyewe akaacha njia ile. Nimekumbusha habari hii kwa sababu imo hatari ambayo haijatoka duniani: kumtendea mtoto jambo ili sisi tunaomtazama tufurahi.

Njia ya kufunga pingili ilitokea New York mwaka 1911, kwa wapasuaji wawili waliofanya kazi kila mmoja kwa namna yake. Russell Hibbs alivunja vipande vidogo vya mfupa katika migongo ya pingili zenyewe akavilaza vivuke kutoka pingili hii hadi ile, vikaota pamoja. Fred Albee alikata kipande katika mfupa wa muundi, akapasua miiba ya pingili katikati, akakichomeka humo kama mkulima apandikizavyo kijiti. Basi mfupa wa mguu uliutegemeza mgongo.

Chuma kilizoeleka baadaye. Katika Houston, Paul Harrington alikuwa na watoto wengi waliopindwa mgongo na polio, akawawekea fimbo za chuma zenye kulabu, na mwaka 1962 alitangaza kazi yake. Mwanzoni alitumaini chuma peke yake. Chuma kikakatika au kikachomoka. Ndipo alipojifunza kwamba fimbo isiyoambatana na mfupa ulioota ina siku zake zilizohesabiwa. Na leo, zinapotumika skrubu zinazoingizwa katika nguzo mbili nyembamba za kila pingili, kama alivyoanza Raymond Roy-Camille huko Paris katika miaka ya 1960, jambo ni lile lile. Ukiona meza ya vyombo vyao, patasi, nyundo, koleo za kung'ofolea mfupa, vijiko vyenye makali, sindano nene ya kutoboa njia ya skrubu, utadhani umeingia kwa seremala. Lakini seremala akipiga msumari kazi imekwisha. Mpasuaji akikaza skrubu kazi imeanza tu. Chuma hushika kwa miezi kadhaa, kama mti wenye panda tunaouegemeza mgomba ulioelemewa na mkungu, huku mwili wenyewe ukijenga. Mwili usipojenga, kwa njaa, kwa tumbaku au kwa kijidudu kisichouawa, chuma kitachoka kwanza.

Na bei ya mwili pia ijulikane. Pingili zilizofungwa hazikunjiki tena milele. Mgonjwa hupata kusimama kwa kutoa sehemu ya kuinama kwake. Kwa mwanamke wa Kamango atakayepalilia, atakayechota maji na kuanika kakao, hilo si neno dogo, ingawa viuno na pingili nyingine humsaidia.

Sasa turudi kwa ukoo ulioketi.

Mtu ataniuliza: “Je, ni dhambi kukataa matibabu?” Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni ya siku nyingi, na Papa Pius XII aliyaeleza wazi tarehe 24 Novemba 1957 alipowajibu waganga wa dawa za usingizi. Mtu hulazimika kuulinda uhai na afya kwa njia za kawaida, wala halazimishwi kubeba mzigo mzito kupita kiasi kwa ajili yake au kwa ajili ya mwingine. Na njia iliyo ya kawaida, alisema, hupimwa kwa kadiri ya watu, mahali, nyakati na desturi.

Wengi wakisoma maneno hayo husema: “Basi, kwa Kamango upasuaji wa mgongo si njia ya kawaida. Hospitali ni ya mbali, fedha hazipo. Baba amesamehewa.” Nami nasema, polepole. Ikiwa mahali pana uzito katika mizani, basi mahali pawekwe pote, si nusu yake. Kamango si mahali pa maskini tu, ni mahali pa kukimbia. Julai 2013, waasi wa ADF walipoushambulia mji, watu zaidi ya 60,000 walivuka kwenda Bundibugyo katika Uganda, wengi wao kwa miguu, na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Desemba ya mwaka ule ule mji ulishambuliwa tena. Pale Roma, msichana aliyepooza hukaa katika kiti cha magurudumu, na barabara imetengenezwa. Kamango, siku ile milio inaposikika, miguu ndiyo nyumba, ndiyo polisi, ndiyo serikali. Asiyeweza kukimbia atabebwa, na atakayembeba atachelewa. Kwa hiyo yule yule Papa anayemwondolea baba mzigo kwa sababu ya umaskini wa mahali, anauongeza uzito wa miguu ya binti kwa sababu ya hatari ya mahali. Sioni jinsi ya kuchukua neno moja na kuliacha la pili.

Hata hivyo tusichanganye mambo matatu ambayo ukoo huyaweka katika kapu moja.

La kwanza ni dawa. Hapa sioni shauri la kuketi. Dawa humezwa miezi 9 hadi 12, na kuziacha katikati kwa sababu maumivu yametulia ni kosa kubwa. Tena hapa nina habari njema ambayo babu angeipenda: wengi ambao miguu yao imelegea wakati ugonjwa ungali hai hurudi kutembea kwa dawa tu, bila kisu. Katika miaka ya 1960 na 1970 waganga wa Uingereza walipima jambo hili kwa uangalifu pamoja na wenzao wa Korea, Hong Kong na Bulawayo. Wagonjwa waliomeza dawa huku wakitembea walipona sawasawa na wale waliolazwa kitandani miezi 6, wala koti la plasta halikuongeza kitu. Fikirini wale watoto wa kale na dari zao. Lakini huko Hong Kong ilionekana pia kwamba waliopasuliwa kwa njia ya Hodgson na Stock, iliyotangazwa mwaka 1956, ambayo hufungua kifua, huondoa mfupa uliooza na kuweka mfupa mzima mahali pake, walibaki na migongo iliyonyoka zaidi. Basi kisu kina kazi yake, ila si kila mgonjwa ni wa kisu.

La pili ni kupasua ili kuokoa miguu, pale ambapo dawa zimeendelea na udhaifu hauondoki, au unazidi. Hapo siku zina hesabu, kwa maana ugwe uliobanwa muda mrefu hausamehe.

La tatu ni kunyosha nundu iliyokwisha kukauka. Wengine huiita anasa ya sura, nao hawajui wasemalo. Mgongo ukipinda sana hubana kifua, na pumzi huwa fupi. Kwa mtoto mdogo nundu yaweza kuzidi kadiri akuavyo, hata kijidudu kikiwa kimekufa, na ikipita nyuzi 60 kuna hatari ya kupooza miaka mingi baadaye, mtu amekwisha kuwa mama wa watoto. Tena kunyosha nundu ya zamani ni kazi ya hatari kuliko zote, kwa maana waweza kumwingiza mtoto chumbani akitembea na kumtoa amepooza. Kwa hiyo katika hili la tatu, mwenye kukubali asisifiwe mno, na mwenye kukataa asilaumiwe.

Tazama sasa: mjomba alikuwa akisema juu ya la pili, na babu juu ya la tatu. Walikuwa wakigombana njia panda, kila mmoja akitazama barabara yake.

Lakini hoja ya babu ina mzizi mrefu zaidi, na haifai kuikata juu juu. Yeye asema hivi: fedha za mgongo mmoja zingewalisha wengi, zingewasomesha watano, zingenunua chandarua za kijiji. Mabwana wakubwa wa afya husema vivyo hivyo kwa hesabu. Ni hoja ya haki, wala si ya roho mbaya. Namna gani tuijibu?

Kuna mganga Mmarekani, Rick Hodes, Myahudi kwa dini, aliyekaa miaka mingi Addis Ababa na kuwatibu wagonjwa katika nyumba ya Masista wa Mama Teresa. Huko alikutana na watoto yatima wawili wenye kibiongo cha kifua kikuu. Alitafuta hospitali ya kuwapokea bure, akakosa. Ndipo akawafanya wanawe kwa sheria, ili bima yake ya matibabu iwakubali, wakapelekwa Marekani wakapasuliwa. Baadaye akawachukua wengine. Mwenye hesabu atacheka: Ethiopia ina vibiongo wangapi, nawe umechukua wawili? Na mwenye kutafuta makosa atauliza kama si ujanja kumfanya mtu mwana ili kupata bima. Lingekuwa ujanja kama angewaacha baada ya kovu kufunga. Lakini aliwalea nyumbani mwake, akawasomesha, akawa baba kweli, na baba akitumia bima kwa mwanawe hamwibii mtu.

Linaloniuma mimi katika habari hiyo ni yaliyofuata. Wale wawili hawakuwa mwisho. Kwa kuwa mtu mmoja hakukubali hesabu iliyokuwa sahihi, njia ilifunguka. Wagonjwa wengi kutoka Ethiopia walipelekwa Accra kwa Oheneba Boachie-Adjei, mwana wa Ghana aliyekuwa mpasuaji mashuhuri New York, na ambaye mwaka 2012 alifungua huko hospitali ya mifupa na migongo. Mtoto aliyepinda sana huvishwa kwanza pete ya chuma kichwani, hufungwa uzito, na huvutwa taratibu kwa majuma mengi kabla ya kisu. Huyo ni Calot aliyejifunza subira. Kama kila mtu angengoja mpaka iwezekane kuwatibu wote, hata hospitali hiyo isingejengwa. Mwafrika leo hahitaji kuvuka bahari kila mara: migongo hupasuliwa Accra, hupasuliwa Dar es Salaam katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili.

Hata hivyo simwambii baba wa Kamango: “Nenda ukafanye kama Hodes.” Hodes alikuwa na bima. Baba ana shamba, na shamba lile ndilo bima ya watoto sita. Hukumu yangu ni hii, na mwenye busara zaidi anisahihishe. Baba halazimiki kuuza shamba zima, na atakayemwita mwuaji kwa hilo amekosa. Lakini hajaruhusiwa kukaa kimya. Ampeleke binti Beni au Butembo kwa mganga wa kweli, apigwe picha, ajue ni shauri la pili au la tatu. Atoe mavuno, hata ya miaka miwili, bila kuutoa mti. Kisha awafungulie wengine mlango wa kusaidia. Mjomba aliyesema “uza” naye ana mbuzi. Parokia ina sanduku la maskini. Serikali ina wajibu pia, nao haufutwi na mchango wa Wakristo, hata kidogo. Na wale walioifanya njia ya Mbau hadi Kamango isipitike, pale Semliki walipouawa askari wa Tanzania tarehe 7 Desemba 2017, wana deni katika mgongo huu ingawa hawakuugusa. Mgonjwa aliyechelewa miaka minne kupata picha hakuchelewa kwa uzembe wa mama yake peke yake.

Nilisema binti yuko jikoni. Mimi huona ajabu kwamba ukoo waweza kupima shamba, shule, mbuzi na mahari (naam, “nani atamwoa” huulizwa, tena mapema), na usimwite mwenye mgongo. Mtoto wa miaka 12 hana amri ya mwisho, lakini ana neno. Yeye ndiye atakayelala mbali na mama yake, yeye ndiye atakayeamka na uchungu. Labda yeye haogopi nundu, aogopa kisu. Labda haogopi kisu, aogopa kubebwa siku ya kukimbia.

Wapasuaji wenyewe walilazimika kujifunza kumwuliza. Mwaka 1973 waganga wa Lyon, Stagnara na wenzake, walitangaza njia ya kujua kama ugwe umeumia wakati chuma kinapokazwa. Katikati ya kazi, mgongo ukiwa wazi, hupunguza dawa ya usingizi mpaka mgonjwa asikie. Humwita jina, humwambia abane mkono, kisha achezeshe miguu. Akiichezesha, hulazwa tena na kazi huendelea. Asipoichezesha, hulegeza chuma mara moja. Siku hizi kuna mashine za umeme za kupima ugwe, lakini palipo na uhaba, au mashine inapotia shaka, bado humwamsha. Wengi hawakumbuki. Ili afaulu, lazima azoezwe kabla, kwa maneno atakayoyasikia usingizini. Fikirini msichana wa Watalinga katika chumba cha ng'ambo: ataitwa kwa Kiingereza? Lazima awepo wa kumwita kwa lugha ya nyumbani kwake. Kwa hiyo hata wakati wa usingizi wasubiri jibu la mtoto. Nasi hapa, akiwa macho, hatua kumi tu kutoka kikaoni, hatukumwita.

Katika Injili ya Luka tunasoma habari ya mwanamke aliyepinda miaka 18, asiyeweza kujiinua. Kwa kawaida husifiwa kuponywa kwake. Mimi hutazama neno lililotangulia: Yesu alimwona, akamwita. Kabla ya hapo alikuwa katika sinagogi siku ngapi, na watu walipita naye namna gani?

Bado kuna jambo dogo kwa walio shambani na shuleni, kwa akina mama, makatekista na walimu. Mtoto ambaye uti wake umeanza kuliwa haukunji mgongo. Mwangushie kitu chini, tunda la kakao au chaki, umwambie akiokote. Mtoto mzima huinama tu. Mgonjwa huchuchumaa, mgongo umenyoka kama ubao, mkono mmoja umeshika paja, kisha hupanda tena kwa kujishika. Usiku hulia akigeuka. Huyo bado hana nundu, wala hakuna shamba la kuuza. Ana miezi michache tu ya kuangaliwa, na dawa ziko kituoni.